Tuliteremka Ngomo, mimi na baba watoto

Kama unaishi Kamituga, Lugushwa, Mwenga ao Walungu, hakuna mtu wa kukufundisha mawe. Unayajua kuliko wale walioyasoma katika vitabu. Unajua jiwe la kutupa na jiwe la kufunga ndani ya kitambaa. Lakini nikuulize: ni lini mara ya mwisho ulitazama jiwe bila kutafuta kitu ndani yake? Na ni lini mara ya mwisho ulikaa karibu na mke wako, ao mume wako, siku mbili nzima bila kuhesabu feza?

Mimi na baba watoto tulikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na jambo hilo hatujalifanya hata mara moja. Yeye alikuwa machimboni Kamituga, mimi Bukavu na watoto, juu ya masomo. Kati yetu kilometa karibu 180, na wakati wa mvua ni matope matupu. Alikuja nyumbani kila miezi mitatu ao mine. Alileta makuta, alilipa madeni, alilala, akarudi. Tulizungumza minervali, mchele na mabati. Hayo tu.

Kisha ikaja tarehe 11 Septemba 2020. Unaikumbuka. Mvua kubwa ilinyesha Kamituga, maji yakajaa katika mashimo, udongo ukaporomoka, watu karibu 50 wakafia ndani. Baba watoto hakuwa ndani ya shimo siku ile. Alikuwa kati ya wale waliochimbua kwa mikono. Alipofika nyumbani alisema maneno mawili tu: "Tulizika watu." Toka hapo alinyamaza. Miezi ikapita. Alikula akinyamaza, alisali akinyamaza. Mtoto akiangusha sahani, anaruka.

Nilikwenda kwa padri wetu nikitumaini atakuja kumpa mashauri. Padri akaniambia neno lililonishangaza: "Mama, usimhubirie. Safiri naye." Ndiyo sababu, mwezi wa Julai 2021, nilimwomba kaka yangu motokari yake kwa siku mbili.

"Tunaenda wapi?" baba watoto aliuliza.

"Uvira."

"Kufanya nini?"

"Kutazama."

Alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mwaka uliopita.

KUTOKA BUKAVU

Tuliondoka siku ya posho, saa kumi na mbili za asubuhi. Jana yake tulikuwa tumeuliza madereva wa magari ya Uvira, kwa kuwa barabara ile haiendwi bila kuuliza. Walitujibu: "Njia iko sawa. Lakini mangaribi isiwakute uwandani."

Ukitoka Bukavu kwenda Uvira, una njia mbili. Ya kwanza inapitia Rwanda: unavuka mpaka kwenye mto Ruzizi, unafuata lami mpaka Bugarama, unaingia tena Kongo kwa Kamanyola. Wengi wanapita huko kwa kuogopa milima ya Ngomo. Ya pili ni barabara yetu ya taifa namba 5: Panzi, Nyantende, Nyangezi, halafu Ngomo yenyewe. Baba watoto alisema, "Tupite kwetu." Nilinyamaza, lakini moyo ulipiga.

Ujue kwamba katika safari hii mto Ruzizi ndio kiongozi wako, hata pale usipouona. Unaanzia mjini Bukavu kabisa, pale Ziwa Kivu linapotoa maji yake. Ziwa letu liko juu, kwenye meta 1,460 hivi. Ziwa Tanganyika liko kwenye meta 770 hivi. Basi maji yanateremka karibu meta 700 katika mwendo usiofika kilometa 120. Juu ya nguvu ya maporomoko hayo, watu walijenga mitambo ya umeme: Ruzizi ya 1 tangu mwaka 1959, na Ruzizi ya 2 tangu 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanagawana umeme wake. Taa ya nyumbani kwako Bukavu, siku inapokubali kuwaka, inatoka kwa mto huo.

Mpaka Nyangezi kila kitu ni kijani: migomba, mihogo, watu wanaotoka shambani wakikusalimia. Uliyezoea Bushi utasema bado uko nyumbani. Kisha barabara inageuka, na nchi inakuwa nyingine.

UKUTA MWEKUNDU WA NGOMO

Mtu ambaye hajafika Ngomo, nimwambie namna gani? Barabara imechongwa katika ubavu wa mlima. Upande mmoja una ukuta, upande wa pili hauna kitu, ni upepo tu. Lori linapopanda na mzigo, kijana anatembea nyuma yake na gogo mkononi, tayari kulitupa chini ya gurudumu. Kwenye kila kona unapiga honi, unasikiliza, ndipo unapita. Chini kabisa unaona mabati ya gari lililoanguka zamani, na hutaki kuuliza ni lini.

Lakini tazama ule ukuta. Ni mwekundu, mwekundu kama tofali lililotoka sasa hivi katika tanuru, na jua la asubuhi likiupiga unafikiri unawaka. Wekundu huo unatoka kwa chuma. Udongo na mawe ya nchi zetu yana chuma ndani yake. Mvua inayalowesha, jua linayakausha, miaka na miaka, na chuma kinashika kutu. Ni kutu ileile ya jembe uliloliacha nje. Huko Marekani, katika majimbo ya Utah na Arizona, kuna nchi kavu ya mawe mekundu kwa sababu hiyohiyo ya chuma, na mto Colorado umechimba humo korongo linalopita meta 1,500 kwenda chini. Wanaume na wake zao wanafunga safari mwisho wa juma, wanalipa feza, kusudi waone tu mawe hayo. Sisi tunapita Ngomo tukifumba macho na kushika rozari.

Tulipofika mahali papana, baba watoto alisimamisha gari. Nilifikiri anataka kupumzika. Hapana. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akapapasa mstari wa jiwe jeupe uliopita katikati ya wekundu, akarudi kuchukua nyundo katika sanduku la vyombo.

"Mama, angalia hii filo."

Msomaji, hapo hasira ilinipanda. Nilimwambia neno kali, sitalificha: "Hata leo? Wewe ulioa mawe, mimi haukunioa."

Alisimama na nyundo mkononi. Lori lilipita, vumbi jekundu likatufunika wote wawili. Vumbi lilipoondoka, niliona amekaa chini juu ya jiwe. Aliniita kwa mkono. Nikaenda, nikakaa.

Akanionyesha ukuta kama mwalimu anavyoonyesha ubao. "Unaona huu udongo mwekundu? Ukiwa mukavu, uko nguvu kama simenti. Lakini maji ikiingia, unaachilia. Kwanza unatoa jasho kidogo. Kisha unatoa mchanga. Kisha unakuja wote." Alinyamaza. "Kule Kamituga jasho tuliliona siku mbili mbele. Niliona. Sikusema kitu, juu kila mutu alikuwa anatafuta makuta."

Hilo ndilo jiwe alilokuwa anabeba miezi kumi. Sikuwa na neno la kumjibu. Nilimshika mkono tu. Na chini ya miguu yetu kulikuwa kumefunguka uwanda wote: huku Kamanyola yetu, ng'ambo mashamba ya mpunga ya Bugarama ya Rwanda, na kusini yake Burundi inaanza. Nchi tatu mbele ya macho, na kutoka juu hauoni mpaka hata mmoja.

Nyundo ilirudi katika sanduku.

UWANDA WA RUZIZI

Ukifika Kamanyola unavua koti. Joto linakupokea kama mvuke wa chungu. Wazee wanaijua Kamanyola kwa mapigano ya Juni 1964. Mobutu aliyatukuza sana, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliitwa Kamanyola mpaka 1997, ulipoitwa Uwanja wa Mashahidi. Sisi tulinunua miwa na maji, tukaendelea.

Kuanzia hapo nchi ni tambarare na kavu, hasa mwezi wa Julai. Majani ni ya njano, ng'ombe wanafuatana katika vumbi, na kila mahali imesimama miti isiyo na majani, yenye utomvu mweupe, matawi yake yameelekea juu kama mishumaa ya altare. Lakini usidanganyike, si nchi tupu. Kutoka milimani kunashuka mito, na watu wameitia katika mifereji mpaka mashambani. Ukifika Luvungi na Luberizi unaona mpunga. Bafuliiru, Barundi, Banyamulenge, Bavira na wengine wengi wanaishi humo, na wameteseka humo pia, mara nyingi kwa vita ambavyo mama wa shambani hakuvitaka.

Hapo katikati ya uwanda simama kidogo, tazama kuume na kushoto. Upande mmoja ni milima ya Kongo, upande wa pili ni milima ya Burundi, na wewe uko chini kama katika mtumbwi. Wenye elimu ya ardhi wanasema hapa ardhi inapasuka polepole sana, na kipande cha katikati kilizama kati ya nyufa mbili. Ni bonde moja refu linalobeba maziwa yetu: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Wanasema pia kwamba zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nili. Kisha volkano za Virunga zikainuka zikafunga njia. Maji yalipanda na kupanda, mpaka yakapata mlango kusini, ndio Ruzizi. Leo yanaingia Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, na mwisho yanafika baharini kwa mto Kongo.

Nilipomweleza hayo, baba watoto alifikiri muda mrefu. Akasema, "Kumbe mtu akifungiwa njia asikae tu. Atafute upande mwingine." Nilijua hazungumzi juu ya mto.

SANGE

Mbele ya kufika Uvira utapita Sange. Tafadhali usiipite kama senta yoyote. Tarehe 2 Julai 2010, mangaribi, lori la petroli lilipinduka hapo. Petroli ilimwagika, watu wakakimbia na ndoo na sufuria kuichota. Wengine walikuwa karibu, ndani ya nyumba ya sinema, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliwaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na watoto walikuwa wengi kati yao. Wengi walizikwa pamoja katika makaburi ya shirika, kwa kuwa hawakuweza kutambulikana.

Usiwahukumu waliochota. Umaskini unajua kuita. Kijana wetu anayeteremka katika shimo linalotoa jasho, na mtoto wa Sange aliyebeba ndoo, wameitwa na sauti moja: makuta ya leo. Kwa hiyo inafaa nyumbani kuwe na mtu mwenye sauti nyingine, wa kusema: "Acha. Sisi tunakutaka mzima."

Tulisali hapo Baba Yetu moja, tumesimama kando ya barabara. Kisha baba watoto aliendelea pale alipoacha Ngomo. Aliwataja wenzake mmoja mmoja: huyu aliimba vizuri, yule alikuwa anajenga nyumba Walungu, yule mke wake alikuwa na mimba. Alizungumza mpaka Kiliba, mbele ya kile kiwanda cha sukari kilichozimwa na vita vya 1996. Machozi yalimtoka akiwa anaendesha. Mimi nilitazama barabara kwa ajili yetu wawili.

SIKU YA MUNGU UVIRA

Tulilala katika nyumba ya wageni ya mapadri. Jioni tulikula mikeke ya kuchoma na ndagala kando ya ziwa. Je, unajua kama sambaza yetu ya Ziwa Kivu ni ndugu ya ndagala? Miaka ya 1950 samaki wadogo walitolewa Tanganyika wakapelekwa Kivu, na huko wakazaana. Hivi katika ile milima tuliyoteremka, chakula chetu kilipanda.

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, meta 1,470, nyuma ya Baikal ya Urusi. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja mpaka hapa kaskazini kwa mtumbwi kusudi waone kama Ruzizi unatoka ziwani ao unaingia. Waliona unaingia. Wavuvi wa hapo wangeweza kuwaambia bila safari, lakini kila mtu anaamini anachoona kwa macho yake. Uvira nayo inajua maji yanavyoweza kugeuka: Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na kuua watu, na tulipopita tuliona bado mawe makubwa yaliyoshushwa na mto.

Asubuhi ya siku ya Mungu tulikwenda Misa. Siku zile bado watu waliombea wamisionari watatu Wazaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wapate kutangazwa wenye heri. Hilo limefanyika hapohapo Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Wakati wa kupeana amani, baba watoto alinigeukia mimi wa kwanza. Katika miaka kumi na moja sikumbuki kama aliwahi kufanya vile. Siku zote alianza na wanaume wenzake wa benchi.

Saa nne tulianza kurudi, kusudi Ngomo tuipande mchana. Mahali papana pale tulisimama tena. Aliokota kijiwe kimoja chekundu, kidogo kama yai, akakitia mfukoni. Sikusema kitu.

Nyumbani watoto walituzunguka. Baada ya ndagala, baba yao akatoa kile kijiwe.

"Iko na dhahabu?" mkubwa akauliza.

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

"Ni ya kutazama."

TANGU HAPO

Sitakudanganya kusema kwamba siku mbili zimemponya mtu. Alirudi Kamituga, kwa kuwa nyumba inataka kula. Lakini aliniahidi neno moja, na amelishika: mvua ikianza, yeye hateremki, na akiona udongo unatoa jasho anasema kwa sauti, hata mwenye shimo akasirike. Kwa ajili ya neno hilo amefukuzwa shimo mbili. Tulikula sombe bila mafuta miezi kadhaa. Ninamshukuru Mungu kwa sombe hiyo.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na mapigano yakateremka mpaka Kamanyola na uwandani, njia ileile tuliyopita. Miezi mingi simu peke yake ilikuwa barabara yetu, yeye huko, mimi huku. Nikiwa na hofu ninakumbuka ukuta ule mwekundu, na mtu aliyekaa chini akaniita kwa mkono. Yale tuliyosema pale hakuna bariere inayoweza kuyazuia.

Kwa hiyo, msomaji, usiseme utasafiri na mwenzako siku utakapopata feza nyingi. Kama Ngomo haiendeki, nendeni kwa miguu mpaka kilima cha karibu. Kama inaendeka, shika mashauri haya:

1. Uliza kwanza habari za usalama kwa madereva na kwa watu wa parokia. Wakisema usiende, usiende.
2. Chagua kiangazi, Juni mpaka Agosti. Ngomo wakati wa mvua ni utelezi wa mauti.
3. Ondoka mapema, angalia breki jana yake, beba maji ya kunywa na ya motokari.
4. Teremka na gia ndogo. Usishike breki njia nzima, zitaungua.
5. Ukiona gari la petroli limeanguka, kimbia mbali na watoto wako. Usikaribie hata kwa kutazama.
6. Simu zime kwa saa moja. Mwache mwenzako aseme mpaka mwisho.

Maswali ya kuzungumza katika shirika lenu ao nyumbani: Katika familia yetu, nani amebeba jiwe ambalo hatujamwuliza? Kijana akikataa kuteremka shimo kwa sababu ya hatari, tunamsifu ao tunamcheka? Na wewe, siku gani mtakaa wawili?